Stendi ya kuchorea milimani: kilo ngapi zinatosha?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nafundisha sekondari hapa Mbeya, na siku za mapumziko nachora mandhari kwa rangi za maji na akriliki. Kazi zangu zinaanzia karatasi ya A4 mpaka kanvasi ya sentimita 40 kwa 50. Napanda boda hadi barabara inapoishia, kisha natembea saa moja au zaidi, mara nyingi upande wa mlima Loleza. Likizo ya Desemba nataka kwenda Kitulo. Stendi niliyonayo ni ya mbao, ya ndani, haibebeki. Nimeona za alumini za chini ya kilo moja, lakini wenzangu wanasema upepo utaiangusha, bora ninunue lile sanduku la mbao lenye miguu mitatu. Nichukue ipi? Na je, kuna kitu fundi wa hapa anaweza kunitengenezea?

Jibu: Salama, mwalimu. Usichukue ile ya chini ya kilo moja, na sanduku lenye miguu usilichukue pia. Tafuta tripodi ya kamera, yaani stendi yake ya miguu mitatu, iliyo imara, ya kilo moja na nusu hadi mbili, kisha fundi wa hapo mjini akutengenezee ubao wa plaiwudi wa kufunga juu yake. Jumla haitazidi sana kilo mbili na nusu. Tripodi nzuri ikikosekana kabisa, stendi ya alumini inaweza kufaa kwa masharti nitakayoyataja mbele.

Wenzako hawajakosea kuhusu upepo, ila dawa yake siyo kubeba stendi nzito. Chukua kanvasi yako kubwa, 40 kwa 50. Upepo wa kilomita 30 kwa saa, ule unaoyumbisha miti midogo, ukiipiga usoni unaisukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo moja. Inaonekana ndogo, lakini inasukuma kwenye kimo cha sentimita 120 kutoka ardhini, na huko juu ndiko inakopata nguvu. Chini, kila mguu wa stendi uko kama sentimita 45 kutoka katikati. Stendi ya miguu mitatu haiangukii juu ya mguu, inaangukia kwenye nafasi iliyo kati ya miguu miwili, na mstari unaounganisha nyayo mbili uko sentimita 22 au 23 tu kutoka katikati. Ukipiga hesabu, upepo ukiingia vibaya unahitaji karibu kilo tano kuizuia isilale. Stendi ya kilo moja haifiki popote.

Sasa izungushe stendi hiyohiyo ili mguu mmoja uelekee kule upepo unakokwenda. Nguvu inakutana na sentimita 45 badala ya 22, na uzito unaohitajika unashuka hadi kilo mbili na nusu hivi. Hujaongeza hata gramu moja. Hili ndilo jambo la kwanza kufanya ukifika, kabla hata ya kufungua begi la rangi: rusha majani makavu kidogo, ona yanakoelekea, kisha peleka mguu mmoja huko.

La pili ni uzito utakaoupata hukohuko juu. Nunua stendi yenye kulabu chini ya nguzo ya katikati, na kama haina, funga kamba ngumu pale miguu inapokutana. Beba mfuko mtupu wa kitambaa kigumu, au kipande cha kiroba kilichoshonwa vizuri, ujaze mawe ukifika. Kilo tatu zinatosha kwa siku ya kawaida. Milima yetu haina njaa ya mawe, kwa hiyo hakuna sababu ya kuyapandisha mgongoni. Kamba iwe fupi kiasi kwamba kitako cha mfuko kinagusa ardhi kidogo. Mfuko unaoning'inia hewani hubembea upepo ukija kwa mikupuo, na kubembea huko ndiko kunakoivuta stendi kuanguka. Wengi hutundika mfuko, wakaona stendi imelala palepale, wakailaumu stendi.

Kumbuka pia kwamba upepo ukiongezeka kasi mara mbili, msukumo unaongezeka mara nne. Katika miezi ya Juni hadi Agosti, upepo wa mchana kwenye migongo ya milima unaweza kukufikisha mahali ambapo mawe hayasaidii tena. Hapo shusha stendi, ukae chini uchore umeketi. Kimo kikipungua nusu, nguvu ya kuangusha nayo inapungua nusu. Ndiyo maana nasisitiza stendi ambayo miguu yake inafupishwa na kutanuliwa kila mmoja peke yake.

Mwavuli usiufunge kwenye stendi, hata ukiona unauzwa na kibano chake. Ni tanga. Uchomeke ardhini pembeni kwa mti wake wenyewe, au uvae kofia pana ugeuze ubao ili jua lisipige karatasi moja kwa moja. Kwenye mwinuko wenu jua ni kali, karatasi nyeupe inakupofusha, unajikuta umechanganya rangi nzito kuliko ulivyokusudia. Ukirudi ndani kazi yote inaonekana giza.

Tuje kwenye tripodi yenyewe. Zile nyepesi za kushikia simu, zenye kichwa cha plastiki, ziache. Simu inakaa katikati ya kichwa na haiguswi, wewe utakandamiza brashi kwenye pembe ya ubao, sentimita 20 kutoka katikati, na kichwa kitazunguka au kuinama kila ukigusa. Angalia tripodi iliyoandikwa inabeba kilo tano au zaidi, kichwa cha chuma au alumini. Kimo chake kikufikie bila kuinua nguzo ya katikati: kwa anayesimama, sentimita 130 hadi 140 za miguu pekee zinatosha. Ukiinua nguzo, umejengea mguu mmoja juu ya mitatu, na mtikisiko unarudi hata kwenye tripodi ya gharama.

Kichwa kiwe kile cha mkono, kinachoinama mbele na nyuma na kufungwa kwa kukaza. Kile cha mpira unaozunguka ndani ya kikombe ni kizuri kwa kamera, lakini ubao mkubwa hukilegeza polepole, hasa kikiwa kidogo. Vichwa vingi vya mkono huinama sana upande mmoja, nyuzi 90 hivi, na upande wa pili kidogo tu. Kwa hiyo ukifunga ubao, ukaona hausimami vya kutosha, hakijaharibika; geuza kichwa nyuma mbele, ufunge upya. Mkono wake ukikugonga tumboni, ufungue uuweke mfukoni.

Dukani jaribu hivi: vuta miguu yote mpaka kimo chako, kaza kila kitu, weka kiganja juu ya kichwa ukandamize kwa nguvu ya wastani, kisha kizungushe kushoto na kulia. Mguu ukizama hata sentimita moja, kibano hakishiki, na hakitashika zaidi kikizeeka. Angalia vibano vyenyewe. Vya plastiki nyembamba hupasuka kwenye kona, na jua huviharakisha. Vinavyokazwa kwa skrubu inayoonekana ni bora, maana vikilegea unavikaza mwenyewe nyumbani. Ikikunjwa isizidi sentimita 55, hapo itaingia kwenye begi la kawaida la mgongoni. Ukiagiza Dar es Salaam ikaja kwa basi, mwombe muuzaji akutumie picha ya tripodi iliyokunjwa pembeni ya futi kamba. Vipimo vya kwenye boksi mara nyingi havihesabu kichwa.

Sasa kazi ya fundi. Kuna watakaokushauri fundi seremala akuchongee stendi nzima. Inawezekana, na mbao za paini kutoka Mafinga ni nyepesi, lakini miguu mitatu ya sentimita mbili kwa nne yenye urefu wa mita moja na nusu inafika kilo moja na nusu kabla hujaweka bawaba hata moja, na mita moja na nusu haipandi boda kwa amani. Tena paini isiyokauka vizuri hupinda ndani ya wiki chache, nati zikashindwa kukutana na matundu. Nguvu ya fundi itumie kwenye ubao.

Chukua plaiwudi ya milimita 6, ukate sentimita 30 kwa 40. Uzito wake hauzidi nusu kilo. Haihitaji kuwa kubwa kama kanvasi. Chini yake weka ukingo wa mbao unaotokeza sentimita mbili na nusu mbele, kanvasi ikae hapo. Karatasi utaibana kwa vibanio vikubwa vya karatasi, vinne. Kanvasi ifunge kwa mpira wa tyubu ya baiskeli uliokatwa kama mkanda, ukipita kwenye fremu na kuzunguka nyuma ya ubao. Mpira hushika kuliko kamba, na haukwaruzi.

Penye utata ni pale ubao unapokutana na tripodi, na hapo ndipo mafundi wengi hukosea bila kujua. Skrubu ya tripodi ni ya robo inchi, yaani milimita 6.35, yenye meno 20 kwa inchi. Boliti za kawaida dukani ni za milimita 6, zenye meno yaliyo umbali wa milimita moja. Kwa macho zinafanana kabisa. Nati ya milimita 6 itakubali skrubu ya tripodi robo mzunguko kisha itakwama, na fundi mwenye haraka ataikaza kwa spana mpaka meno ya skrubu yaliwe. Ukishaharibu skrubu ile, tripodi yote imekuwa mzigo. Kwa hiyo nenda dukani na tripodi yenyewe, omba nati ya robo inchi, ujaribu kwa vidole. Iingie mizunguko minne bila kulazimishwa. Tripodi chache kubwa zina skrubu ya inchi tatu kwa nane, pima kabla ya kununua chochote.

Skrubu hiyo hutokeza milimita tano hivi tu, kwa hiyo nati ikizamishwa ndani ya mbao nene haitafikiwa. Namna inayofanya kazi ni hii. Fundi wa kuchomelea akate bati la chuma la milimita mbili, sentimita 6 kwa 6, achomelee nati katikati. Wakati wa kuchomelea awe amefunga boliti kuukuu ya robo inchi ndani ya nati, la sivyo cheche zitaingia kwenye meno na nati itakuwa kipande cha chuma tu. Ikipoa, atoe boliti, ujaribu tena skrubu ya tripodi. Bati lifungwe nyuma ya ubao kwa boliti nne ndogo zinazopita plaiwudi yote, vichwa vyake vizamishwe upande wa mbele visiguse karatasi. Skrubu za mbao peke yake hazitashika kwenye milimita 6. Mwisho, juu ya bati weka kipande kingine cha plaiwudi ya milimita 6, sentimita 10 kwa 10, chenye tundu la sentimita mbili katikati ambamo nati inatulia, na boliti zilezile zipite humo pia. Kipande hicho ndicho kinachokaa juu ya kichwa cha tripodi. Bila hicho ubao ungesimama juu ya nati yenye upana wa sentimita moja, ukawa unayumba kama bembea. Nati isizidi uso wa kipande; ikiwa chini yake nusu milimita ndiyo vizuri.

Paka vanishi mara mbili, pande zote na kwenye kingo. Kingo ndizo zinazonywa maji. Ukungu wa asubuhi wa Tukuyu peke yake unatosha kufumua plaiwudi ambayo haijapakwa pembeni. Usipake rangi nyeupe mbele, itashindana na karatasi yako.

Kwa rangi za maji, stendi yoyote utakayonunua lazima ilaze ubao karibu mlalo kabisa. Mteremko wa nyuzi 10 hadi 15 unatosha kwa kupaka anga, rangi ikashuka polepole bila kukimbia. Akriliki inataka ubao usimame zaidi, ili uone kazi bila mng'aro. Stendi nyingi za bei ndogo zimetengenezwa kwa kanvasi iliyosimama tu, na hilo ndilo sharti la kwanza la ile ya alumini: muulize muuzaji kama nguzo inalala, na akuonyeshe. Sharti la pili ni uzito usiopungua kilo moja na nusu; chini ya hapo vipande vya mwisho vya miguu vinakuwa vyembamba kama kidole cha mwisho, na hujipinda ukiviegemea mara moja tu. La tatu, vibano viwili vya juu na chini vishike fremu kwa kukazwa, visitegemee uzito wa kanvasi. Upepo hauiangushi stendi tu, huinyanyua kanvasi peke yake na kuirusha, na kanvasi ya akriliki mbichi huwa inaangukia uso.

Sanduku lenye miguu nalipita haraka. Ni chombo kizuri kwa anayechora kwa rangi za mafuta karibu na gari: lina droo, paleti, na linashika kanvasi mbichi safari ya kurudi. Lakini ni kilo tano hadi saba likiwa tupu, na miguu yake ya mbao inayoteleza ndani ya mbao hukwama ikivimba masika. Kwa saa nzima ya kupanda mlima, hapana.

Na kwa A4 peke yake, huenda huhitaji stendi. Wachoraji wa Tingatinga wamefanya kazi miaka yote hii ubao ukiwa mapajani au mezani, na ubao wako wa plaiwudi ukiwa magotini ni mwepesi kuliko stendi yoyote duniani.

Ardhi nayo ina mambo yake. Kitulo iko kwenye mwinuko wa kama mita 2,600, na Desemba ni msimu wa mvua na mwanzo wa maua yaliyoipa jina la Bustani ya Mungu. Nyasi zimeloa na udongo ni laini. Mguu mwembamba utazama taratibu, ubao ukainama bila wewe kuona, mpaka rangi ya anga iwe imekusanyika kona moja. Beba vipande vitatu vya plaiwudi vya sentimita 10 kwa 10, kila kimoja na kishimo katikati cha kupokea mguu. Anza asubuhi na mapema, mvua hupenda kuja mchana, na akriliki ambayo haijakauka inaoshwa kama vumbi. Ni hifadhi ya taifa tangu 2005, kwa hiyo weka ada ya kuingia kwenye hesabu ya safari, na mawe ya mfuko wako uyarudishe ulipoyatoa.

Ukienda Iringa ukataka kuchora mji kutoka Gangilonga, mambo ni kinyume. Ule ni mwamba mtupu, na miguu yenye ncha za chuma huteleza. Tripodi zenye ncha mara nyingi zina kofia za mpira za kuzungusha, zizungushe zishuke, na kama zimepotea, vipande vya tairi kuukuu chini ya kila mguu vinafanya kazi. Kwenye mteremko, rekebisha urefu wa miguu mpaka nguzo isimame wima, usisawazishe kwa kuinamisha kichwa. Nguzo iliyoinama imeshaanza kuanguka kabla upepo haujafika.

Pale Isimila, karibu na Iringa, adui ni mchanga. Ukiingia kwenye bomba za miguu, husaga na kuikwamisha. Ukirudi nyumbani vuta miguu yote, ipanguse kwa kitambaa kikavu, uanze na vipande vya chini kwenda juu. Usitie mafuta. Mafuta hunasa vumbi, na vibano huanza kuteleza.

Kwenye boda, usiifunge tripodi kwa kukingama nyuma ya kiti, itatokeza pembeni ya kiti na inaweza kukutana na mtu au nguzo. Iwe wima ndani ya begi, kichwa chini, vibano vimefungwa, ubao ukiwa umelala upande wa mgongo wako kati yako na vitu vigumu. Fedha zikitosha kitu kimoja tu kwa sasa, anza na tripodi. Ubao wa muda unaweza kuwa ubao wowote mwepesi ulionao, mradi fundi aufunge lile bati la nati. Ile stendi ya ndani usiiuze: akriliki nyingi za Loleza utazimalizia hapo, baada ya upepo kukufukuza.